Nilipokuwa Mkwe wa Baba Yangu

Juzi nilikuwa naelekea Nyamira kwenye shughuli ya jamaa, binti yangu akiendesha gari. Mbele kidogo ya Keumbu tukakuta upande mmoja wa barabara umefungwa, wanamwaga lami mpya. Magari yote yalikuwa yamefunga madirisha. Mimi nikafungua langu hadi chini. Binti yangu akanitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu. "Mama, hiyo harufu!" Najua, harufu ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Niliivuta mpaka kifua kikauma, machozi yakanitoka, nikamwambia ni vumbi. Sikuwa na nguvu ya kuanza kumweleza kwamba babu yake, ambaye hakumkuta, alinuka hivyo hivyo.

Dawa ya baba ilikuwa nyeusi na nzito. Aliinunua mjini Kisii, kwenye duka la dawa la Mhindi mmoja aliyeichanganya mwenyewe nyuma ya kaunta na kuitia katika kikopo kisicho na jina. Alijipaka kila jioni mikononi, viwikoni, magotini na kichwani, na nyumba nzima ikanuka lami. Mimi kwa akili zangu nilijua kwamba baba amepata kazi ya kujenga barabara, na kwamba huwa anaondoka tukishalala. Hakuna aliyeniuliza kwa hiyo hakuna aliyenisahihisha, na utoto wangu karibu wote ulikwenda namna hiyo.

Kabla ya dawa hiyo baba alikuwa mtu wa mikono. Wewe wa rika langu utakumbuka jinsi tulivyosalimia watu enzi zile. Kumpita mtu mzima njiani bila kumpa mkono ilikuwa kesi, na kesi ilifika nyumbani kabla yako. Basi baba alizidi wote, kwa sababu mkono ulikuwa kazi yake. Alinunua ndizi zikiwa bado mgombani, huku kwetu upande wa Mosocho, kisha akazipeleka kuuza soko la Daraja Mbili. Mlisimama chini ya mgomba, mkavutana bei, mkataniana, mkapeana mkono, na kuanzia hapo mkungu ule ulikuwa wake hata kama mwingine angekuja kesho na bei ya juu. Alikuwa akinichukua nifuatane naye. Nilishika vidole vyake viwili, vyenye utomvu wa ndizi usiotoka kwa sabuni yoyote, tukawa tunazunguka mashamba ya watu mimi na yeye. Na kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, jioni alikula sahani moja na mimi, jambo ambalo kaka yangu Ombati hakuruhusiwa. Ombati alinuna, nami nikazidi kudeka.

Ugonjwa ulianzia kichwani. Mama alidhani ni mba. Kisha ukashuka viwikoni, ukaenda magotini, ukafika mikononi, magamba meupe juu ya ngozi nyekundu. Mimi niliona ni ugali uliomkaukia, kama ule unaoganda kwenye mwiko, nikamwambia aende akanawe vizuri. Siku hiyo alicheka. Baadaye ngozi ya viganja ikapasuka, ikawa inatoa damu akikunja ngumi, na kicheko kikapungua. Kuna mama mmoja aliyemuuzia mkungu, wakapeana mkono, na kabla hatujageuka akaupangusa wake kwenye gauni. Nilimwona, na baba alimwona. Mwingine alisema, "Siku hizi tuelewane kwa mdomo tu, Baba Kemunto." Baba akaitika vizuri tu, lakini njiani hakuniongelesha, na baada ya wiki chache aliacha kabisa kwenda. Mama akaanza kuuza ndizi Daraja Mbili yeye mwenyewe.

Watu walisema yao. Alikula nyama ya mnyama asiyejulikana, alirushiwa kitu, aliapizwa na mtu wa ukoo. Akaoshwa kwa majani ya kila aina, akaombewa kanisani akiwa amepiga magoti mbele ya watu wote. Mwishowe mama akampeleka hospitali, akarudi na maneno ya daktari akiyatamka kwa hasira kana kwamba ni yeye aliyetukanwa. "Eti haiambukizi, haiui, na haiponi! Sasa huo ni ugonjwa gani?" Jina lake aliwahi kulisema mara moja tu, soriasi, kisha hakulirudia tena. Mimi nilidhani ni jina la daktari.

Baba akahamia nyuma ya mlango. Ndivyo nilivyoona mimi, kwa sababu kiti chake kilisogezwa hapo, mahali ambapo mlango ukifunguliwa unamficha. Dirisha la upande wake lilifungwa. Alivaa sweta ya mikono mirefu hata jua likiwa kali, akawa na kikombe chake, sahani yake na taulo yake. Asubuhi kabla hatujaamka alifagia mwenyewe chini ya kiti chake, mwanamume mzima ameinama na ufagio, na mtu akitokea alijifanya anatafuta kitu kilichomdondoka. Wageni wakibisha hodi, alinyamaza kama hayupo.

Mara moja nilimsikia mama akimwuliza, "Nani amekufukuza humu ndani?"

"Hakuna. Ndiyo maana najifukuza mwenyewe."

"Kwa ngozi tu?"

"Heri ningevunjika mguu," baba akasema. "Aliyevunjika mguu watu huja kumpa pole."

Sikuelewa. Nilimwendea siku ya pili nikamtazama miguu, nikaona ni mizima yote miwili.

Jambo nililolielewa, au nililodhani nimelielewa, ni mkono. Nilipotoka shule nilikwenda kumsalimia kama kawaida, naye akavuta mkono wake ukapotelea ndani ya sweta. "Nimekuona, mama. Inatosha." Kesho yake vivyo hivyo. Sahani moja ikaisha. Nikijaribu kukaa kwenye kiti chake aliinuka haraka akaniambia nikakae na wenzangu. Uliniuma sana mkono ule. Nilikaa nikitafuta nilichofanya, nikakumbuka kila kikombe nilichovunja na kila uongo niliosema, na hakuna hata kimoja kilichotosha.

Nikamwuliza nyanya, mama yake baba, aliyekuwa na nyumba yake hapo hapo bomani. Alikuwa anachambua chinsaga, ile mboga chungu yetu, na sikumwuliza moja kwa moja kwa sababu niliona haya. Nikasema, "Nyanya, ni watu gani wasiopeana mikono?"

Alifurahi kweli! Mtoto anauliza mambo ya adabu bila kulazimishwa. Akaacha mboga, akanieleza chinsoni, ile heshima ya Wagusii ya kukaa mbali na mtu unayemstahi. "Mzee na mke wa mwanawe. Mama na mume wa bintiye. Hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, hawali sahani moja."

"Hata wakiishi boma moja?"

"Hasa wakiishi boma moja."

Basi. Kila alichokitaja nilikuwa nacho. Mkono hakuna, kiti hakuna, sahani hakuna, na boma ni moja. Nikajua kwamba mimi si mtoto wa baba. Mimi ni mkwe wake, niliyeletwa hapa kuolewa nikiwa mdogo mno hata nisikumbuke. Sikulia. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyenialika kwenye harusi yangu.

Halafu nikafikiria mume. Baba alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa Ombati, aliyepangusa kamasi kwa mkono wa sweta na kulala amefungua mdomo. Ee Nyasae, Mungu wangu! Nikakataa kuosha sahani yake. Nikakataa kumtekea maji. Akaja kuniuliza nina nini.

"Sitaki kuwa mke wako," nikamwambia.

"Nani anakutaka wewe?" akajibu, na tukapigana mpaka mama akatuchapa sote bila kuuliza chanzo.

Leo nikiwasimulia watu sehemu hiyo wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nacheka nao. Lakini ninyi mliokuwa watoto mnajua kwamba jambo linaweza kuchekesha likiwa limepita tu. Nilikuwa nikienda sokoni na mama, nikawa nawaangalia wanawake waliopanga ndizi na nyanya, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta anayefanana nami. Nilitaka kumjua mama yangu halisi. Nilitaka pia kumwuliza kosa langu lilikuwa nini hata akanitoa. Mama akinivuta sikio niharakishe, nilimhurumia, kwa kuwa alijitahidi sana kunilea na mimi si wake.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na jambo kubwa. Dada yangu Kemunto, kifungua mimba, alikuwa anashona nguo kwenye kibanda pale Mosocho, na kijana mmoja wa Nyamira, karani wa kituo cha majani chai, alitaka kumwoa. Walipendana, hilo kila mtu aliliona. Kilichobaki ni wazazi wa kijana kuja kwetu. Ila kila mama alipomwuliza baba waje siku gani, baba alitazama ukuta. Kemunto alilia jikoni akichochea moto. "Baba hamtaki," alisema. "Angekuwa anamtaka angesema hata neno moja." Mama akamwambia amwache baba yake, lakini niliona naye hajui. Watu wanne nyumba moja, kila mmoja na maana yake, na mwenye maana yenyewe yuko nyuma ya mlango amenyamaza!

Watu wa Nyamira nao hawakuwa wa kuja hivi hivi. Kwanza hutumwa esigani, mpelelezi wa ndoa, aje kunusa boma kama lina wachawi, wezi au ugonjwa wa ukoo. Siku hizi vijana wanajuana wenyewe kwenye simu, lakini familia ile ilishikilia ya zamani. Esigani wao alikuwa mama wa makamo mwenye mwavuli na kikapu, na alikuja akisema anatafuta machipukizi ya migomba. "Kwani Nyamira yote migomba imeisha?" Ombati aliuliza baadaye, na hilo lilikuwa swali lake la akili mwaka ule mzima.

Aliingia bomani mchana. Mama alikuwa sokoni, Kemunto kazini, nyanya shambani. Ombati alikuwa juu ya mpera akila mapera mabichi. Baba alikuwa nyuma ya dirisha lake lililofungwa. Mgeni akakaa kwenye stuli, akatoa andazi kikapuni, akanipa nusu, nusu akabaki nayo mkononi ili nisiondoke.

"Baba yuko?"

"Yuko ndani."

"Mbona hatoki kunisalimu?"

"Hasalimu watu."

"Watu gani?"

"Wote. Hata mimi hanipi mkono."

Akasogeza stuli. Sauti ikawa ya chini, tamu. "Kwa nini, mwanangu?"

"Ni chinsoni," nikasema, nikifurahi kupata mtu mzima wa kuniuliza. "Mimi ni mke wa Ombati."

"Ombati ni nani?"

"Yule pale juu ya mpera."

Aliliweka andazi kando yake kwenye stuli. Akamtazama Ombati, akanitazama mimi, akashika kifua. "Ee Nyasae! Nani amekuambia maneno hayo?"

"Hakuna. Nimejua mwenyewe. Baba hanishiki. Hali na mimi. Hataki nikalie kiti chake." Na hapo, sijui kwa nini hapo, nikamshika gauni. "Mama yangu halisi bado sijamjua. Labda wewe unamjua."

Nikaanza kulia kwa sauti. Dirisha likafunguka kwa kishindo, kisha mlango, na baba akatoka. Alikuwa pekupeku, amevaa fulana tu, hana sweta. Ulikuwa umepita muda mrefu sijaona mikono yake mchana. Jua liliiangaza yote, wekundu na weupe kuanzia begani mpaka vidoleni, na kwenye paji la uso pale nywele zinapoanzia. Alinijia moja kwa moja.

"Nani amesema wewe si mtoto wangu?"

"Hunishiki," nikasema.

Akanyoosha mkono. Ulifika karibu kabisa na kichwa changu. Ndipo akamwona yule mama anavyoutazama, ukabaki hewani, kisha akaurudisha akauficha kwapani. "Wewe ni wangu," akasema. "Nimewazaa mimi, wewe, na Kemunto, na huyo tumbili aliye juu ya mti. Umesikia?"

Nilisikia. Sikuamini. Nilikuwa nimezunguka naye mashamba mengi mno kukubali mapatano yasiyo na mkono.

Esigani alisimama, akamwangalia baba kuanzia juu hadi chini bila aibu, maana ndiyo kazi iliyomleta. "Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii."

"Kumbe. Kule kwetu wameambiwa unalikimbia jua kwa sababu ya mambo mengine."

"Mambo gani?"

Akakohoa. Baba akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Niwe mchawi halafu nishindwe hata na ngozi yangu mwenyewe?"

Yule mama naye akacheka, kisha akakaza uso. "Watoto wanayo?"

Angeweza kusema hapana, na asingekuwa amesema uongo. Sisi sote tulikuwa na ngozi safi. Baba alisema, "Bado. Daktari anasema wanaweza kuipata, wanaweza wasiipate." Mama alipoisikia habari hiyo jioni alitikisa kichwa, akamwambia kwamba kuna ukweli ambao mtu haombwi, anaupeleka tu mwenyewe ukamponze. Esigani aliomba machipukizi yake. Ombati akatumwa amchimbie mawili, mama yule akaondoka nayo kikapuni, na nusu ya andazi ikabaki kwenye stuli. Niliila.

Jioni hiyo Kemunto alisimama mlangoni mwa baba bado na uzi wa kushonea begani. "Kumbe hukuwa unamkataa?"

"Nimkatae kwa nini? Ni kijana mzuri."

"Basi ulikuwa unafanya nini huko nyuma ya mlango?"

Baba akasema polepole kwamba alitaka wasimwone mpaka mambo yaishe. Mdogo wake angekaa mahali pake, wageni wangeambiwa mwenye boma amesafiri Kericho, na ng'ombe wa mahari wakishafika yeye angetoka. Alikuwa amepanga yote hayo peke yake. Alikuwa anamkinga dada yangu dhidi ya mikono yake mwenyewe, na sisi sote tukadhani anatukinga sisi tusimfikie.

"Na harusi?" Kemunto akauliza. "Na wanangu wakija hapa? Ungekuwa Kericho mpaka lini, baba?"

Baba akaificha mikono kwapani.

"Utatoka," dada yangu akasema. "Wakinichukua, wanichukue wamekuona."

Akamshonea shati. La mikono mifupi! Alichagua kitambaa cheupeupe, kwa sababu cheusi kingeonyesha kila gamba linaloanguka mabegani, na alilipiga pasi mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Nyamira walituma ujumbe kwamba wanakuja, na siku ya wageni tuliazima viti kanisani, mama akatandika vitambaa vyeupe kwenye kochi, kuku wakachinjwa. Baba alisimama nje, mlango nyuma yake, shati limemkaa vizuri, mikono wazi. Nami nilisimama kando nikingoja, kwa kuwa nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo nitajua kama mimi ni mkwe au si mkwe. Akiwashika wale wote halafu asinishike mimi, basi.

Wakaja, watu saba au nane, wazee na akina mama wenye leso mpya. Baba akampa mkono baba yake kijana. Mzee yule akautazama, akaupokea kwa ncha za vidole, na tangu hapo akawa ameuweka mkono wake kando ya mwili kama aliyegusa rangi mbichi. Esigani alimpa baba mkono mzima, akautikisa kwa nguvu ili wenzake waone. Kijana mwenyewe alisalimu akitazama chini. Baba akaeleza ugonjwa wake mbele ya wote, kwa sauti isiyotetemeka: hauambukizi, hauui, hauponi, na anayetaka kuuliza aulize. Hakuna aliyeuliza.

Chakula kikaletwa. Baba, kama mwenye boma, akachukua firigisi kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani ya mzee mgeni. Hiyo ni heshima yake, firigisi ni ya mwanamume, tena mkubwa. Mzee akashukuru vizuri sana. Akasema wamekula njiani, ameshiba. Na wenzake wote, ajabu, walikuwa wameshiba pia. Soda walikunywa, maana chupa zilikuja zimefungwa. Waliongea juu ya mvua na bei ya majani chai, ya ng'ombe hayakuguswa, kisha mzee akainuka akasema, "Tutarudi."

Hawakurudi. Niliuliza kila wiki wanarudi lini, mpaka mama akanikataza. Kemunto aliolewa miaka mingine, na mtu mwingine, na hayo ni ya kwake kusimulia. Ngozi yake mpaka leo ni laini kama ya mtoto. Aliyeupata ugonjwa ni mimi. Uko kwenye kiwiko cha kushoto, na ukikasirika huja hadi nyuma ya sikio. Sasa niseme nini juu ya watu wale? Kuna siku nawatukana na kuna siku nawaelewa, na siku ninapowaelewa ndizo siku mbaya. Hata nikimfikiria baba sijui kama alipaswa kutoka au kukaa. Alitoka kwa sababu ya maneno yangu, na kutoka kwake kulimpa kila mmoja wetu kitu tofauti.

Alasiri ile wageni waliposhuka bonde, baba alirudi akakaa mezani, si nyuma ya mlango. Alikaa tu, mikono imelala juu ya kitambaa cheupe. Kuku walikuwa wamejaa sahani, hawajaguswa, na mimi nilifurahi, jamani, nilifurahi vibaya! Sikuwahi kuona wageni wema namna ile, wa kuacha kila kitu. Ombati alinyoosha mkono kwenye firigisi, mama akamchapa kofi. Kisha mama akajifunika uso kwa leso yake na kwenda nyuma ya nyumba.

Kemunto akaja, akaivuta sahani ya mzee wa Nyamira. Akaichukua ile firigisi.

"Wanawake hawali hiyo," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Nani aliyeiweka hapa?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

Baba akauonyesha. Kemunto akauangalia mkono ule, akauma firigisi katikati, akatafuna akimtazama machoni, machozi yakimshuka mpaka kidevuni.

Nikaona nimeonewa. Nikapiga kelele kwamba mimi ndiye kitinda mimba, kwa nini yeye apewe na mimi ninyimwe. Kemunto akampa baba nusu iliyobaki. Baba aliishika kidogo, akaniita. Akanishika shingo kwa nyuma na kiganja chake kikavu chenye mipasuko, kilichokwaruza, akanivuta mpaka nikasimama katikati ya magoti yake, na kwa mkono wa pili akanilisha. Ilikuwa ngumu, imeshapoa. Nilitafuna nikimwangalia Ombati kwa maringo, kwa kuwa sasa nilijua mimi si mke wa mtu, mimi ni mtoto wa hapa. Na dada yangu alikuwa bado analia. Nilimwonea huruma kidogo. Nilidhani anaililia nusu yake.